Jinsi ya Kupima Iwapo Kadi ya Punguzo la Mafuta Inakuokolea Fedha Kweli

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusimamia magari ya watu wengine na kuandaa hesabu za mafuta yake, na swali ninaloulizwa na wenye magari kuliko mengine yote ni kama kadi za punguzo zina faida. Kadi ileile humfaa mtu mmoja ikamtia hasara jirani yake, na asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo haiwezi kukuonyesha wewe utaangukia upande upi. Namba inayoweza kukuonyesha ni moja tu: gharama halisi ya kila lita iliyoingia kwenye tangi lako, baada ya kuhesabu kila kilichotoka mfukoni, ikilinganishwa na bei ya kituo cha nafuu zaidi kilichopo kwenye njia unayopita kila siku. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipata namba hiyo. Katika mifano yote nimechukulia kwamba lita moja inauzwa kwa 100. Weka bei unayolipa wewe na kanuni itabaki ileile.

Hatua ya kwanza: fahamu ni kadi ya aina gani

Kadi zinazoitwa kwa jina hili moja hufanya kazi kwa njia tofauti sana. Ipo kadi ya pointi, ambayo hukulipisha bei kamili na kukuwekea pointi za kubadilisha baadaye kwa mafuta au bidhaa. Ipo kadi ya mafuta ya malipo ya kabla au ya mkopo, ambayo kampuni nyingi huwapa madereva wao, na ambayo mara nyingi huwa na ada. Ipo pia kadi ya benki ya kawaida inayokurudishia sehemu ya fedha unapolipia mafuta. Lengo la kadi za kampuni za mafuta ni moja na halijabadilika tangu miaka ya 1920, kampuni za mafuta za Marekani zilipoanza kuwapa wateja kadi za kuchukulia mafuta kwa mkopo: mteja arudi kwenye kituo kilekile. Hakuna ubaya katika lengo hilo, lakini ulikumbuke unaposoma masharti, kwa sababu punguzo ndilo malipo unayopewa kwa kukubali kutolinganisha bei za vituo vingine.

Kwa kadi ya pointi, ibadilishe pointi kuwa fedha kabla ya kuendelea. Ukipata pointi moja kwa kila lita, na pointi 500 zikakupa vocha ya 250, basi umepunguziwa 0.5 kwa lita, yaani nusu ya asilimia moja tu ya bei. Ukizingatia kwamba pointi nyingi huisha muda kabla hazijatumika, hata nusu hiyo haina uhakika.

Hatua ya pili: weka kumbukumbu kabla ya kuchukua kadi

Watu wengi huiruka hatua hii, ilhali bila hiyo hakuna hesabu inayoweza kufanyika, kwa sababu huwezi kujua umeokoa nini ikiwa hujui ulikuwa ukitumia nini. Chukua daftari dogo likae ndani ya gari, na kwa muda wa mwezi mmoja au miwili uandike mambo matano kila unapojaza: tarehe, kituo, lita, bei ya lita, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Yaandike palepale kituoni. Risiti nyingi za vituo vya mafuta huchapishwa kwenye karatasi inayoathiriwa na joto; ukiiacha juu ya dashibodi ikipigwa na jua, baada ya siku chache unabaki na kipande cheupe kisichosomeka. Nimewahi kuletewa bahasha nzima ya vipande hivyo na mtu aliyeamini kwamba ametunza kumbukumbu.

Ili kupata ulaji wa mafuta wa gari lako, jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe kwa mara ya kwanza, usiongeze hata tone baada ya hapo, kisha uandike kilomita. Utakaporudi kujaza tena, jaza vilevile mpaka pampu ijikate. Lita zilizoingia mara hii ya pili ndizo ulizotumia kwa kilomita ulizokwenda. Kama zimeingia lita 36.8 baada ya kilomita 460, gawanya lita kwa kilomita na uzidishe kwa 100, utapata lita 8 kwa kila kilomita 100. Rudia mara tatu au nne na uchukue wastani, kwa kuwa jaribio moja hudanganya: gari linaweza kuwa limesimama mahali penye mteremko, au pampu ikajikata mapema.

Kwa anayenunua kwa kiasi cha fedha badala ya kwa lita, kumbukumbu hizi zina umuhimu wa pekee. Mtu aliyezoea kuweka mafuta ya 2,000 kila mara, akipata kadi ataendelea kutoa 2,000 ileile. Punguzo humfikia kama lita moja au nusu lita ya ziada, naye huimaliza kwa safari ambayo asingeifanya, na mwisho wa mwezi matumizi yake yanabaki palepale.

Hatua ya tatu: tafuta punguzo linakatwa kutoka bei ipi

Asilimia tatu za nini? Swali hili muulize anayekuuzia kadi, na jibu ulitake kwa maandishi. Kadi nyingine hupunguza kutoka bei iliyobandikwa kwenye ubao wa kituo. Hizo ni rahisi kuzifuatilia. Nyingine, hasa zile za makampuni, hutumia bei yao wenyewe inayopangwa kwa wiki nzima, na wiki ambayo bei ya sokoni inashuka kwa kasi unaweza kujikuta unalipa zaidi ya mteja asiye na kadi aliyesimama kwenye pampu ya pili. Mahali ambapo serikali huweka bei ya kikomo, angalia pia kama punguzo linahesabiwa kutoka kwenye kikomo hicho, kwa maana kituo cha jirani kinaweza kuwa kinauza chini ya kikomo bila kadi yoyote.

Yapo masharti mengine ya kutafuta katika karatasi hiyohiyo. Punguzo linaweza kuwa na ukomo wa lita kwa mwezi, au likahusu mafuta ya daraja la juu pekee. Hili la mwisho ndilo ninaloliona likiwaumiza watu zaidi. Namba ya okteni hupima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo ndani ya injini bila kujilipua kabla ya wakati wake. Injini ambayo mtengenezaji wake ameielekeza kutumia petroli ya kawaida haipati nguvu ya maana kwa kupewa ya okteni ya juu. Anayelipa 108 kwa lita ili apunguziwe 5, wakati gari lake linahitaji ile ya 100, amejiongezea gharama ya 3 kwa kila lita na bado ataambiwa kwamba amepata punguzo.

Hatua ya nne: fanya hesabu yenyewe

Tuchukue mwenye gari anayekwenda kilomita 1,200 kwa mwezi, gari lake likila lita 8 kwa kilomita 100. Atatumia lita 96 kwa mwezi, yaani lita 1,152 kwa mwaka. Ameahidiwa punguzo la asilimia 3, na ada ya kadi ni 1,500 kwa mwaka pamoja na 20 kwa kila muamala. Hujaza mara tatu kwa mwezi, kwa hiyo miamala inamgharimu 720 kwa mwaka.

Hesabu ya tangazo inasema ataokoa 3 kwa lita, jumla 3,456 kwa mwaka. Tukitoa ada ya 1,500 na miamala ya 720, zinabaki 1,236. Kati ya matumizi ya 115,200 kwa mwaka, hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 1, nayo si haba.

Sasa fungua daftari lako uangalie bei za vituo. Tuseme kituo kinachopokea kadi kinauza lita kwa 102, na kwenye barabara hiyohiyo kipo kingine kinachouza kwa 100. Asilimia 3 ya 102 ni 3.06, kwa hiyo mwenye kadi analipa 98.94. Akiba yake ya kweli ni 1.06 kwa lita wala si 3. Kwa lita 1,152 anapata 1,221. Akishalipa ada na miamala, ambayo jumla yake ni 2,220, amepata hasara inayokaribia 1,000 kwa mwaka, na wakati wote huo kila risiti ilimwonyesha punguzo. Tofauti ya bei ya 2 tu kati ya vituo viwili imeigeuza faida kuwa hasara, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kipimo kiwe kituo cha nafuu zaidi kwenye njia yako.

Hesabu hiyohiyo ukiigeuza utapata kiwango cha chini cha matumizi kinachoifanya kadi ilipe. Gawanya ada ya muamala kwa lita unazojaza kwa mara moja: 20 kwa lita 32 ni kama 0.625 kwa lita. Itoe kwenye akiba ya 1.06, zinabaki 0.435. Kisha gawanya ada ya mwaka kwa kiasi hicho: 1,500 kwa 0.435 ni takriban lita 3,450, sawa na kilomita 43,000 kwa mwaka. Mwenye gari wetu anakwenda kilomita 14,400. Akijaza lita 48 kwa mara moja, mara mbili kwa mwezi, kiwango hicho kinashuka hadi lita zipatazo 2,330, au kilomita 29,000, na bado hakifikii. Dereva wa gari la kukodi au mwenye magari matatu ya mizigo angekivuka bila shida, na huyo ningemshauri aichukue kadi bila kusita.

Kama kadi haina ada ya mwaka wala ya muamala, linabaki swali moja tu, kama bei yako baada ya punguzo iko chini ya bei ya kituo kingine.

Hatua ya tano: hesabu kilomita za kuifuata kadi

Punguzo la asilimia 2 kwenye lita 40 ni sawa na lita 0.8. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 hutumia lita 0.8 kwa kilomita 10. Kwa hiyo ukitoka kwenye njia yako kilomita 5 kwenda kituoni na kilomita 5 kurudi, punguzo lote limeishia barabarani, kabla hujahesabu muda wako na foleni. Pima umbali huo kwa mita ya gari mara moja, uuandike kwenye daftari, na usiukadirie kwa macho.

Hatua ya sita: kama ni kadi ya mkopo, angalia riba

Riba ya asilimia 24 kwa mwaka ni takriban asilimia 2 kwa mwezi. Deni likilala mwezi mmoja, ile akiba halisi ya asilimia 1 imekwisha na umeanza kulipia zaidi. Asiye na uhakika wa kulipa deni lote kila mwezi asichukue kadi ya mafuta ya mkopo, hata punguzo liwe zuri namna gani.

Hatua ya saba: kwa mwenye madereva, soma taarifa ya akaunti mstari kwa mstari

Hapa ndipo kadi hulipa zaidi ya punguzo lake, na naona watu hawalisemi vya kutosha. Kadi ya mafuta inayofungwa kwa gari moja huandika saa, kituo na lita za kila muamala. Nilipokuwa nikipitia taarifa za mteja mmoja niliona gari lenye tangi la lita 55 limejazwa lita 63. Hakukuwa na haja ya ushahidi mwingine: lita nane angalau zilikuwa zimeingia kwenye dumu. Tulipoweka ukomo wa lita kwa muamala na kumtaka dereva aingize kilomita kila anapojaza, matumizi ya gari lile yalishuka kwa kiasi ambacho punguzo la asilimia 3 lisingekifikia kamwe. Kwa mwenye biashara, basi, nafuu hiyo iingizwe katika hesabu ya hatua ya nne kama faida inayojitegemea.

Anayeendesha gari lake mwenyewe hana wa kumchunga ila yeye mwenyewe, lakini anayo njia nyingine ya kupata asilimia hiyohiyo. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila upungufu wa psi 1 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo kinachosomeka kwenye pampu ya tairi) katika wastani wa upepo wa tairi zote nne huongeza matumizi kwa takriban asilimia 0.2. Tairi zikipungukiwa psi 5, ni asilimia 1, karibu sawa na akiba halisi tuliyoipata hapo juu, na haitozwi ada yoyote. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Hatua ya nane: rudia hesabu kabla kadi haijahuishwa

Baada ya miezi mitatu ukiwa na kadi, jumlisha fedha zote ulizolipa, pamoja na ada zilizokatwa na robo ya ada ya mwaka, kisha ugawanye kwa lita ulizopata. Linganisha na wastani wa bei ya kituo cha nafuu katika miezi hiyohiyo, bei ambazo utakuwa umezinakili ukipita, hata siku ambazo hukununua. Andika pia tarehe ambayo kadi inahuishwa, kwa kuwa nyingi hujihuisha zenyewe na kukata ada ya mwaka mzima bila kukuuliza. Kama umeamua kuiacha, maliza kwanza salio la malipo ya kabla na ubadilishe pointi zilizobaki, tuma notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, na uhifadhi uthibitisho wa kufungwa kwa akaunti pamoja na lile daftari.