Kabla ya bei, fungua buti

Kama umeendesha gari lile lile miaka nenda rudi na sasa umeamua kununua jipya, usianzie kwenye rangi. Fungua buti, inua zulia. Magari mengi ya siku hizi hayaji na tairi la spea. Utakuta pampu ndogo ya umeme na chupa ya gundi ya kuzibia pancha. Gundi hiyo huziba tundu la msumari, lakini tairi likichanika ubavuni haisaidii kitu. Kwa msafiri wa njia ndefu hili si jambo dogo, kwa hiyo uliza mapema kama spea inapatikana na itakaa wapi.

Kisha soma ubavu wa tairi, maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Usipoziona, ziko upande wa ndani. Tairi zikiwa za zamani, huenda gari limelala yadi muda mrefu. Omba punguzo bila haya.

Halafu, gari likiwa limesimama, jaribu kuwasha kiyoyozi kwa kupapasa tu. Ukishindwa bila kuikodolea macho skrini, mimi ningetafuta gari jingine.