Somo: Jinsi ya Kujua Kama Windows Unayotumia Bado Inahudumiwa

Wengi huamini kwamba toleo la Windows lenye watumiaji wengi haliwezi kuachwa na kampuni iliyolitengeneza. Imani hiyo imewaponza watu. Windows XP ilipokatiwa huduma tarehe 8 Aprili 2014, yaani Microsoft ilipoacha kuitolea masasisho ya usalama, hesabu za Net Applications, kampuni ya takwimu za matumizi ya kompyuta, zilionyesha kuwa ilikuwa bado kwenye zaidi ya robo ya kompyuta za mezani na mpakato, na tarehe haikusogezwa. Kwa hiyo anza na mashine yako mwenyewe, si na takwimu.

Hatua ya kwanza. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika winver kwenye kisanduku kitakachofunguka, kisha bonyeza Enter. Usiishie kusoma jina kubwa lililo juu. Shuka hadi mstari wenye neno Version, kwani hapo ndipo utakapoona alama kama 22H2, ambayo ndiyo toleo la mwisho la Windows 10.

Hatua ya pili. Linganisha ulichokiona na tarehe hizi: huduma ya Windows 7 ilikoma 14 Januari 2020, ya Windows 8.1 ikakoma 10 Januari 2023, na ya Windows 10 ikakoma 14 Oktoba 2025. Mwenye Windows 11 naye asibweteke, kwa sababu kila toleo lake la mwaka, kwa aina za Home na Pro, huhudumiwa kwa miezi 24 tu.

Hatua ya tatu. Kama unataka kuhamia Windows 11, rudia njia ile ile ya kitufe na R, ila sasa andika tpm.msc, uone kama chipu ya usalama iitwayo TPM ipo na kama ni ya toleo la 2.0. Ukiambiwa haipo, usikate tamaa mapema: kwenye mashine nyingi chipu hiyo ipo lakini imezimwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Utahitaji pia kumbukumbu (RAM) ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, na hapo kwenye prosesa ndipo mashine nyingi nzuri hukwama, jambo ambalo kwangu ni hasara kubwa.

Hatua ya nne. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Windows 10 yangu inafanya kazi kama kawaida. Kuna hatari gani?

Jibu: Hatari haionekani kwenye skrini. Windows 10 na 11 zina sehemu nyingi za msimbo zinazofanana, hivyo kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, kinachotolewa kwa 11 kinaweza kumwonyesha mshambuliaji tundu lililobaki wazi kwenye 10. Kumbuka WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia: kiraka kilitolewa Machi 2017, shambulio likaja tarehe 12 Mei, na waliodhurika ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimekipokea.

Swali: Kwa nini takwimu za matumizi ya matoleo ya Windows hupandashuka kila mwezi?

Jibu: StatCounter, moja ya kampuni zinazotoa takwimu hizo, huhesabu kurasa zinazofunguliwa kwenye tovuti zilizoweka msimbo wake, haihesabu mashine. Kompyuta isiyoingia intaneti haimo kabisa. Isitoshe, katika utambulisho wa kawaida ambao kivinjari huutuma kwa tovuti, Windows 11 bado hujitaja kuwa Windows NT 10.0, kwa hiyo kuitofautisha na Windows 10 kunahitaji njia ya ziada.

Swali: Prosesa yangu haikubaliki. Nifanye nini?

Jibu: Watumiaji wa nyumbani wenye 22H2 waliwekewa mpango wa masasisho ya ziada ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, nao ni wa kuvuta muda tu. Njia ya kudumu zaidi ni Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ambayo unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Ukiwa humo jaribu Wi-Fi, sauti na printa yako, kisha ndipo uamue kama utaisakinisha kwenye diski.