Udongo wenye dizeli: usiupakie kwenye tipa, utibu hapo hapo kiwanjani

Mwezi uliopita kaka mmoja wa Tabata alinipigia simu. Anajenga fremu za maduka kwenye kiwanja kilichokuwa na tangi la dizeli. Mafundi walipofika mita moja chini, udongo ukawa mweusi na unanuka. Dereva wa tipa keshamwambia anajua pa kuumwaga. Nikamjibu: tipa iondoke tupu. Taka hatarishi haisafirishwi bila kibali, kwa hiyo kwanza nenda NEMC (baraza la taifa la mazingira) ukaseme ulichokuta na unachotaka kufanya.

1. Jua ni mafuta gani. Dizeli ndiyo nafuu, bakteria wa udongoni wanaila. Petroli sehemu kubwa hupaa ukigeuza udongo, lakini ina benzini, kemikali ya sumu, basi usiinamie kunusa na sigara ikae mbali. Oili chafu ya gereji ni kazi nyingine: inachelewa kuoza, na hubeba metali kama risasi na zinki ambazo bakteria hawazimalizi. Kituo cha mafuta cha kabla ya 2006 nacho kipimwe risasi, maana petroli ya enzi zile ilikuwa nayo. Metali zikizidi, ishia hapa, tafuta mtaalamu wa taka hatarishi.

2. Tenganisha wakati wa kuchimba. Safi huku, chafu kule. Ukiwa na shaka, weka vijiko viwili vya udongo kwenye chupa ya maji inayoonyesha, tikisa, subiri. Utando wa rangi za upinde wa mvua ukielea juu, peleka kule. Na usichanganye na udongo safi ili "kupunguza makali". Utakuwa umeongeza uchafu tu.

3. Tandika nailoni nzito, jenga tuta. Kimo kisizidi mita moja na nusu kama unageuza kwa mikono. Zungushia kingo, funika kwa turubai.

4. Lisha bakteria. Hesabu yangu, kwa uzito, ni kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Mita moja ya ujazo ya udongo ina kama tani 1.6, ikiwa maabara imesema mafuta ni gramu 10 kwa kilo, hapo kuna kilo 16 za mafuta, kaboni kama 13.6. Inadai mbolea: urea (ya naitrojeni) karibu kilo 2.7 na DAP (ya fosforasi) gramu 700. Gawa mara tatu, usimwage yote siku moja. Samadi iwe ya ng'ombe iliyooza. Ya kuku mbichi siitaki, inachoma na kunuka amonia mtaa mzima. Sabuni ya unga pia siitaki: inasukuma mafuta chini zaidi.

5. Maji. Hapa ndipo nilipoteza wiki tatu. Tuta langu la kwanza nililimwagilia kila jioni kwa mpira, juu likawa tope, nikafurahi. Nilipolipasua kwa jembe, ndani pakavu kama unga wa sembe. Udongo uliolowa mafuta hukataa maji. Yanateleza juu yake kama kwenye jani la mgomba, yanashukia pembeni. Bakteria bila maji hawali kitu.

Dawa yake: changanya samadi na maranda *kabla* ya kumwagilia, ndivyo vinavyoshika maji. Kisha nyunyiza kidogo kwa keni, geuza, nyunyiza, geuza, siku mbili tatu mfululizo. Chukua udongo wa katikati ya tuta (si wa juu!) uufinye: ukishikamana bila kudondosha tone, umefika. Ukimeguka, bado. Ukidondosha, umezidisha.

Na kuzidisha nako nimekupitia. Nikamwaga kwa hasira, masika ikaongezea kupitia turubai lililotoboka, tuta likaanza kunuka yai viza. Hiyo ni harufu ya kukosa hewa. Funua siku ya jua, geuza lote, ongeza maranda, usitie maji wiki nzima. Kwa kawaida geuza kila wiki. Kuna wanaosifia mabomba ya kupulizia hewa. Kwa kiwanja cha fremu, jembe na vijana wawili wanatosha. Joto la Dar linakufanyia nusu ya kazi bure.

Maji yanayochuruzika yakusanye, yarudishe juu ya tuta.

6. Pima, kisha rudisha. Hesabu miezi, si siku. Pua isikudanganye, harufu huisha mapema. Chukua vijiko kutoka sehemu kumi za tuta, kwenye vina tofauti, changanya, peleka maabara wapime TPH, yaani jumla ya mafuta ya petroli na dizeli yaliyobaki udongoni. NEMC wakiridhika, jaza chini ya maegesho au sakafu ya zege, juu ya usawa wa maji ya ardhini. Bustanini hapana. Karibu na kisima hapana.

Yule kaka tuta lake lina wiki ya tatu, liko kona ya nyuma. Fremu za mbele zinaendelea kupanda, na jana amenitumia picha ya konzi la udongo lililofinywa vizuri.