Kuset TV ya chogo ya RCA Alert Guard ikuamshe tonado ikija (kwa mlioko Iowa)

Kuna TV za chogo za RCA zimeandikwa Alert Guard kwa mbele, unazikuta sana kwenye maduka ya mitumba na kwenye vitu ambavyo kanisa linawapa familia zikifika Des Moines. Watu wanazitupa eti zimepitwa na wakati. Usitupe. Ndani yake kuna redio ya hali ya hewa ya serikali, NOAA, na hiyo haihusiani kabisa na chaneli za TV. Matangazo ya analojia ya stesheni kubwa za TV yalizimwa Marekani Juni 12, 2009, ndio maana ukiichomeka haishiki chaneli hata moja bila king'amuzi, lakini redio ya hali ya hewa iko kwenye masafa yake ya 162 MHz na inarusha mpaka leo saa 24. Juzi nimemsetia mama mmoja Mkongo ya kwake, nikaona niandike kabisa maana maswali ni yaleyale.

Hatua ya 1: Ichomeke ukutani moja kwa moja, isiwe kwenye ekstensheni yenye swichi. Najua wengi tumelelewa kwamba ukienda kulala unazima TV kwenye soketi, au wakati wa radi ndio unachomoa kabisa. Hii ukifanya hivyo umejinyima, maana inapiga kelele hata ukiwa umeizima kwa rimoti ila lazima umeme uwepo. Zima kwa rimoti, waya acha.

Hatua ya 2: Isogeze karibu na dirisha, usiiweke besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. TV ni nzito, tafuta mtu wa kukusaidia.

Hatua ya 3: Ingia kwenye menyu ya Alert Guard, chagua masafa. Yako saba, kuanzia 162.400 mpaka 162.550. Hapa usimsikilize mtu anayekwambia "weka chaneli ya kwanza", kwa sababu vifaa havihesabu sawa, kuna kinachoita 162.550 namba moja na kuna kinachoiita namba saba. Fuata masafa. Des Moines ni 162.550, miji mingine sikiliza moja moja uchukue yenye sauti safi isiyokwaruza.

Hatua ya 4: Namba ya kaunti. Hii ndio inakula muda wa watu wote kwa hiyo soma taratibu. TV inataka namba SITA. Watu wanaweka zip code, yaani 50314 na wenzake, halafu wanashangaa mbona haikubali au mbona haipigi hata siku moja. Zip code ni ya posta, hapa haina kazi. Namba inayotakiwa inasomeka hivi: tarakimu ya kwanza ni sifuri, maana yake kaunti nzima, mbili zinazofuata ni jimbo, Iowa ni 19, tatu za mwisho ni kaunti yenyewe. Polk, ambako ndiko Des Moines, ni 153, kwa hiyo unaandika 019153. Sifuri ya mbele usiiruke. Hakikisha unajua kaunti unayolala, sio unayofanyia kazi, maana mtu anakaa Waukee anafanya kazi Des Moines anaweka ya Polk kumbe kwake ni Dallas, 019049.

Ukishamaliza ya kwako ongeza na za jirani wa magharibi na kusini magharibi, huko ndiko dhoruba nyingi zinakotokea. Kwa mtu wa Des Moines mimi naweka Polk, Dallas, na Madison ambayo ni 019121. Tonado ya Machi 5, 2022 iliua watu 6 Madison, karibu na Winterset, kisha ikaja mpaka huku Polk. Mwenye namba ya Madison anapata nafasi ya kuamsha watoto na kuvaa viatu. Lakini usiweke kaunti zote, Iowa ina 99, na mnara mmoja wa redio unahudumia nyingi, itakupigia usiku kwa mvua ya mahali usipopajua na kufikia wiki ya pili utakuwa umeichomoa.

Hatua ya 5: Chagua aina za tahadhari. Mimi naacha zote za TORNADO na SEVERE THUNDERSTORM WARNING (dhoruba kali ya radi), na FLASH FLOOD (mafuriko ya ghafla) kama uko karibu na mto. Nyingine zima. Na kwa kuwa maandishi yanakuja kwa Kiingereza wafundishe wote nyumbani maneno mawili tu: WATCH ni hali inaweza kuchafuka, endelea na shughuli ila kaa macho, WARNING ni imeshaonekana kwa macho au kwenye rada, chukua hatua sasa hivi. Ikiwa ni ya TORNADO shuka besimenti, kama huna basi chumba cha chini kisicho na dirisha, hata bafuni. Ikiwa ni ya FLASH FLOOD usishuke besimenti, nenda juu.

Hatua ya 6: Subiri Jumatano. Kuna jaribio la kila wiki, kawaida kabla ya adhuhuri. Ukiwa unasikiliza ile redio utasikia mikwaruzo mitatu mikali kama mashine ya faksi, hiyo ndio inabeba zile namba sita, halafu mlio mmoja mrefu, halafu sauti inaongea. Hali ya hewa ikiwa mbaya siku hiyo jaribio huahirishwa, usianze kubadilisha seti.

TV haina betri. Ile derecho (dhoruba ya upepo mkali) ya Agosti 10, 2020 iliangusha umeme Cedar Rapids kwa siku nyingi, kwa hiyo nunua na kiredio cha hali ya hewa cha Midland chenye betri, kiweke chumbani, namba ni zilezile. Nyumba ikiwa na uwezo wa kimoja tu, chukua kiredio. Na umeme ukikatika ukarudi ingia kwenye menyu uangalie kama namba za kaunti bado zipo, ziandike kwenye karatasi ugundishe nyuma ya TV.