Maji ya bomba kwenye rejeta ya gari la zamani

Mwenye gari lililovuka miaka 15 na linalompeleka kazini kila siku ajenge mazoea ya kukagua kulenti (maji maalumu ya kupozea injini) asubuhi, kabla injini haijawashwa, kwa sababu mfuniko wa rejeta ukifunguliwa injini ikiwa ya moto humwaga maji yanayoweza kupita nyuzi 100, na hayo huunguza vibaya. Ukiona maji yana rangi ya chai ya rangi, ujue kutu imekwishaanza ndani, na mara nyingi chanzo chake ni kuongeza maji ya bomba, yenye chumvi inayoganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Tumia kulenti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled, yasiyo na chumvi). Pitisha pia kidole kwenye maungio ya mipira ya maji ya rejeta. Alama kavu ya kijani au ya waridi ni dalili ya uvujaji uliokwishaanza. Wapo mafundi wanaopenda kuondoa thamostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto) kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto (nami niliwahi kukubali), lakini injini isiyo nayo huchelewa kufikia joto lake la kazi na hula mafuta zaidi.