Kuchagua Vyombo vya Gitaa la Besi na Kuitengeneza Sauti Yake Jukwaani: Mwongozo kwa Wapigaji wa Lamu na Malindi

Mpigaji wa besi anayejitayarisha kupiga arusini Lamu au hotelini Malindi hukabiliwa na maswali mawili, anunue nini na aipange vipi sauti yake, na mara nyingi hulijibu la kwanza kwa kutumia fedha nyingi na la pili kwa kuzungusha kifundo cha besi hadi mwisho. Maoni yangu ni kwamba majibu yote mawili yanategemea jambo moja: besi inayosikika vizuri mbele ya watu hujengwa katika sauti za katikati, wala si katika uzito wa chini kabisa, na kila chombo kinachonunuliwa kipimwe kwa uwezo wake wa kuzitoa sauti hizo kwa usafi.

Sababu yake iko katika uzi wenyewe. Uzi mzito wa gitaa lenye nyuzi nne, yaani E, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, ambayo ni 41 Hz. A ni 55, D ni 73 na G ni 98. Hata hivyo uzi hautoi mtetemo mmoja pekee. Juu ya 41 kuna 82, 123, 164 na nyingine nyingi zinazofuatana, na sikio la mwanadamu likizipata hizo za juu hujaza lenyewe ile ya chini hata kama spika haikuitoa. Ndiyo maana mtu anaweza kuifuata besi ya wimbo katika redio ndogo ambayo haina uwezo wowote wa kutoa 41 Hz. Anayelielewa hili hataitesa spika yake kwa kuidai uzito isioweza kuutoa.

Gitaa lenyewe

Leo Fender alitoa gitaa la Precision Bass mwaka 1951, na moja ya faida zake kubwa ilikuwa kwamba mpigaji aliweza kulibeba mkono mmoja badala ya kuhangaika na besi kubwa ya kusimama. Mwaka 1957 gitaa hilo lilipewa pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) iliyogawanywa vipande viwili, ambayo huondoa mvumo wa umeme, na mwaka 1960 likafuata Jazz Bass lenye pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayouzwa leo yameigwa kutoka kwa hayo mawili, kwa hiyo chaguo la kwanza la mnunuzi ni kati ya sauti nene iliyo wazi ya lile la kwanza na sauti yenye mipaka zaidi ya lile la pili, ambalo hukupa nafasi ya kuchanganya pikapu ya shingoni na ya darajani, yaani karibu na pale nyuzi zinapofungwa mwilini, upendavyo. Kwa mpigaji wa taarabu na bango ningependekeza la kwanza bila kusita, kwa kuwa sauti yake hukaa mahali pake chini ya kinanda na fidla pasipo kuhitaji marekebisho mengi. Anayepiga chakacha na rumba kwa vidole vya kasi atalifurahia la pili.

Kuna magitaa ya betri, ambayo ndani yake mna kikuza sauti kidogo kinachotumia betri ya volti 9, na kuna yasiyo na betri. Ya betri yana nguvu na vifundo vingi zaidi, lakini betri ikifika mwisho katikati ya wimbo sauti hukwaruza kisha hukatika, na katika mengi ya magitaa hayo betri huendelea kutumika muda wote ambao waya umechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Chomoa waya kila unapoweka gitaa chini. Kwa anayeanza, lisilo na betri linatosha kabisa.

Ukinunua lililotumika, usitazame rangi. Litazame kwa urefu wa shingo kutoka upande wa mwili na uone kama limejipinda. Kisha piga uzi kwa kuugusa kidogo tu juu ya freti ya 12, yaani kipande cha chuma cha 12 kilichokatiza shingo, halafu ubonyeze freti hiyo hiyo na upige tena. Noti mbili hizo zilingane. Zisipolingana, daraja linahitaji kurekebishwa, na hiyo ni kazi ndogo, ilhali shingo iliyopinda kupita kiwango cha chuma chake cha ndani si kazi ndogo hata kidogo. Urefu wa kawaida wa uzi kati ya daraja na kichwa ni inchi 34, karibu milimita 864. Mwenye viganja vidogo atafute la inchi 30 na asione haya, kwa sababu mkono unaofika bila kujinyoosha hutoa noti safi zaidi.

Nyuzi na hewa ya chumvi

Hapa ndipo sisi wa pwani tunapotofautiana na walioandikiwa miongozo mingine. Hewa ya Lamu na Malindi imebeba chumvi, na chumvi ikichanganyika na jasho la vidole huila nyuzi mpya kwa muda mfupi, ukaanza kuona madoa ya kahawia karibu na daraja na kusikia sauti iliyofifia. Nyuzi za chuma cha pua hustahimili kutu kuliko za nikeli, ingawa ni kali zaidi kwa vidole na kwa freti. Nyuzi zilizopakwa utando wa plastiki hugharimu zaidi, lakini kwa mazingira yetu gharama hiyo hurudi. Kuna pia nyuzi bapa, ambazo uso wake ni laini usio na mikunjo ya kushika uchafu. Sauti yake ni ya mviringo, haina mng'ao, na James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown huko Detroit, alizitumia kwa miaka mingi bila kuona haja ya kuzibadilisha mara kwa mara. Kwa taarabu sijasikia nyuzi zinazoafiki kuliko hizo.

Vyovyote utakavyochagua, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini, kabla ya kufunga mkoba, na uweke ndani ya mkoba vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu. Wakati wa masika shingo za mbao huvuta unyevu na nyuzi hupanda au kushuka. Rekebisha chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko tu, rekebisha upya mlio wa nyuzi, na usubiri hadi kesho kabla ya kugeuza tena.

Amplifaya, spika na umeme

Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa amplifaya ya SVT yenye wati 300, ambayo kichwa chake pekee, yaani amplifaya bila spika, kina zaidi ya kilo 35 na sanduku lake la spika nane za inchi 10 lina zaidi ya kilo 60. Ni chombo cha heshima, lakini atakayekishusha kwenye boti kutoka Mokowe, kisha akitafutie punda au mkokoteni wa kukipitisha katika vichochoro vya Lamu, ataijua gharama yake kamili. Leo kuna vichwa vya aina inayoitwa daraja la D ambavyo vina kilo mbili au tatu na hutoa wati 300 hadi 500, na kwa sisi tunaovuka maji na vyombo vyetu sioni sababu ya kununua kingine. Usilipe sana kwa ajili ya wati tu: kuongeza nguvu mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 pekee, tofauti ambayo msikilizaji huiona ni ndogo. Sanduku lenye spika mbili za inchi 10, au moja nzuri ya inchi 12, linatosha jukwaa la hoteli.

Masanduku mawili ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) yakiunganishwa sambamba huwa omu 4. Soma nyuma ya amplifaya ukinzani wa chini inaoukubali kabla ya kuongeza la pili. Waya wa kutoka amplifaya kwenda spika uwe waya wa spika hasa, kwa kuwa waya wa gitaa ni mwembamba na unaweza kupata moto. Umeme wa Kenya ni volti 240, na chombo kilichonunuliwa Marekani ambacho kinakubali volti 120 tu kitaungua papo hapo kikichomekwa bila transfoma. Penye jenereta, tumia stabilaiza na uhakikishe waya wa ardhi upo. Mvumo ukisikika usiukate waya huo kamwe, bali bonyeza swichi ya kutenganisha ardhi iliyo kwenye kisanduku cha DI.

Kisanduku hicho cha DI, ambacho hugeuza mawimbi ya gitaa yaweze kusafiri mbali hadi kwenye miksa bila kuokota kelele, ndicho kitu ambacho ningemshauri mtu anunue mapema kuliko amplifaya kubwa. Katika shughuli nyingi kinachofika kwenye masikio ya waalikwa kinatoka kwenye mitambo ya ukumbi, na amplifaya yako ni ya kukusikizisha wewe na wenzako jukwaani.

Kuitengeneza sauti

Anza na mkono. Ukipiga karibu na shingo sauti huwa nene na laini. Ukisogea karibu na daraja hukaza na kuwa na ncha. Sogea sentimita tano tu na utasikia badiliko ambalo kifundo chochote hakiwezi kuliiga. Zima nyuzi usizozipiga kwa viganja vyote viwili, kwa sababu uzi wa E unaoachwa uvume chini ya wimbo mzima huchafua bendi kuliko kosa la noti.

Kisha weka vifundo vyote katikati. Piga noti yako ya nguvu kuliko zote huku ukiongeza nguvu ya kuingilia hadi taa nyekundu iwake kidogo, halafu rudisha nyuma hadi izimike. Sasa bendi nzima ipige, na hapo ndipo utakaposikiliza, wala si ukiwa peke yako, kwani sauti inayopendeza ukiwa pekee, yenye chini nyingi na juu inayong'aa, mara nyingi ndiyo inayopotea ngoma na kinanda vinapoingia. Ikiwa besi inafunika kila kitu kwa ukungu, punguza kati ya 200 na 250 Hz. Ikiwa inatikisa meza lakini hakuna anayeweza kuiimba, ongeza kati ya 400 na 800 Hz kwa desibeli 3 na usikilize tena. Punguza kabla ya kuongeza. Mlio mzito wa dumbak au wa dramu ya mguu hukaa jirani na besi, kwa hiyo mpatane: kimoja kikipewa 60 Hz, kingine kipewe 90 au 100.

Inua sanduku la spika. Likiwa sakafuni, sauti za katikati na za juu hukupiga miguuni wewe unayesimama karibu, nawe unaendelea kuongeza kile ambacho walio mbali tayari wanakipata kwa wingi. Makreti mawili ya soda yaliyo imara yanatosha kulifikisha usawa wa kiuno.

Mahali nako kuna amri yake. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Chukua chumba chenye upana wa mita 2.8. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde, na wimbi ambalo nusu yake inaujaza upana huo ni la takriban 62 Hz, ambayo ni noti ya B katika freti ya pili ya uzi wa A. Noti hiyo itavuma ukutani ilhali zile zilizo mbali nayo zikitoka kama kawaida, na mpigaji asiyejua atadhani gitaa lake ni bovu. Piga noti zote moja moja, polepole, kutoka E ya chini hadi uzi wa G, utie alama ile inayovuma, kisha uipunguze hiyo peke yake kwa ikwalaiza nyembamba, yaani inayogusa eneo dogo tu la sauti, na uliondoe sanduku pembeni mwa chumba.

Ukiwa ufukweni Malindi tatizo ni kinyume chake: hakuna ukuta wa kuirudisha sauti, na ya chini hutawanyika pande zote. Usijibu kwa kuongeza 40 Hz. Hapo spika itachapa hewa bila faida na amplifaya itaishiwa nguvu. Kama kuna ukuta imara nyuma ya jukwaa, sogeza sanduku hadi hapo, ongeza 80 hadi 100 Hz kidogo, na kama una nafasi ya kuchagua, jukwaa likae upande unaotoka upepo, kwa maana upepo wa kusi ukivuma kinyume huipandisha sauti juu ya vichwa vya wasikilizaji.

Kabla ya watu kufika, mwombe mwenzako apige gitaa lako nawe uende hadi viti vya mwisho. Zungumza na fundi wa mitambo kwa adabu na kwa maneno dhahiri: "Kaka, naomba 250 ishuke kidogo," badala ya kumwambia tu kwamba besi haijakaa. Muulize kama kitufe cha kukata sauti za chini kwenye njia yako ya miksa kimebonyezwa, kwa sababu kikiwa kimewekwa 80 au 100 Hz, sehemu kubwa ya uzi wa E haifiki kwenye spika za chini. Waalikwa wakishajaa, miili na nguo zao zitanyonya sauti za juu na za katikati zaidi kuliko za chini. Baada ya nyimbo mbili tatu mpe fundi ishara aongeze 800 Hz kwa desibeli moja au mbili, na sauti za chini aziache zilivyo.