Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua FSA ID

Fomu ya FAFSA, ambayo kwayo mwanafunzi wa Marekani huomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Suala la FSA ID lishughulikie mapema, kabla ya siku hiyo. FSA ID ni jina la mtumiaji pamoja na nywila unayojiwekea kwenye StudentAid.gov, tovuti ya serikali ya msaada huo, na tangu mwaka 2015, ilipochukua nafasi ya ile PIN ya tarakimu nne, ndiyo saini yako kisheria.

Anza na kadi ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Jina liandike kama lilivyo kwenye kadi, si kama unavyoitwa nyumbani au kanisani. Kwa waliofika kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma hapa ndipo penye kazi, kwa sababu majina yetu matatu mara nyingi yalipangwa upya na makarani, na wengi walisajiliwa kuwa wamezaliwa 1 Januari. Hati zako zikisema 1 Januari, jaza hivyo hivyo, hata kama mama anakumbuka vizuri kuwa ulizaliwa wakati wa masika. Taarifa zisipolingana na kumbukumbu za Social Security, akaunti haithibitishwi. Kama kuna kosa, lirekebishwe kwenye ofisi yao kwanza.

Jambo la pili linawahusu wazazi wanaotakiwa nao kusaini fomu kwa akaunti yao, na hapa naomba tusikilizane. Katika familia zetu mtoto ndiye mkalimani, ndiye anayesoma barua na kujaza fomu. Basi humfungulia baba akaunti kwa namba yake mwenyewe ya simu, kisha anapotaka kufungua ya kwake mfumo unakataa, maana namba moja ya simu au barua pepe moja haiingii kwenye akaunti mbili. Kila mtu awe na vyake. Mwanafunzi asitumie barua pepe ya sekondari, kwa kuwa shule nyingi huifunga baada ya kuhitimu, naye ataihitaji akaunti hiyo mpaka amalize kulipa mikopo.

Mzazi asiye na namba ya Social Security asikate tamaa. Zamani alilazimika kuchapa karatasi na kusaini kwa kalamu. Tangu fomu ya mwaka wa masomo 2024–25 anaweza kufungua akaunti yake, ingawa anaweza kuombwa uthibitisho zaidi wa utambulisho, kwa hiyo ajipe muda. Wazazi waliooana wakiwasilisha kodi pamoja, inatosha mmoja afungue akaunti. Kusaini fomu hiyo hakumfanyi mzazi mdaiwa wa mkopo wa mtoto, lakini akikataa kutoa ridhaa ya taarifa zake za kodi, mtoto anakosa msaada wa serikali kuu, ikiwemo ruzuku ya Pell, ambayo kwa 2025–26 hufika hadi dola 7,395 na hairudishwi.

Sasa ulinzi. Saini inayoomba ruzuku ndiyo hiyo hiyo inayotia sahihi hati ya ahadi ya kulipa mkopo, na deni la masomo ni gumu sana kufutwa hata mtu akifilisika. Kwa hiyo nywila yako usimpe mchumba, mshauri wa shule, wala yule ndugu mkarimu anayewajazia watu fomu. Akusaidie akiwa kando yako, nywila uiandike wewe. Anayedai malipo ya kujaza FAFSA mkwepe, fomu ni bure. Namba za uthibitisho zinazokuja kwa simu usimsomee mtu yeyote aliyekupigia, hata akijitambulisha kuwa ni wa serikali. Ile namba ya akiba (backup code) unayopewa unapofungua akaunti, ya kuingilia ukikosa simu yako, iandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na pasipoti.

Ukihisi mtu ameijua nywila yako, ibadilishe palepale, fungua ukurasa wa mikopo uone kama kuna usiyoitambua, kisha piga 1-800-433-3243, simu ya ofisi ya serikali ya msaada huo.